Namba Nyekundu za Ijumaa Kuu

Torunn alimtambua kwa mwendo kabla hajauona uso. Hakuna mtu mwingine bonde zima aliyeteleza kwenye theluji kwa mbao za miguuni huku bega la kushoto limeinama vile, kama mtu aliyebeba ndoo. Alikuwa anakatiza ziwa lililoganda, akitokea upande wa pili kwenye nyumba ya mama yake, na alikuwa anakuja moja kwa moja kwa Torunn.

"Shangazi," aliita bila kugeuza shingo. "Hebu tazama wewe. Labda macho yangu yananidanganya."

Walikuwa wamekaa nje wote wawili, migongo imeegemea ukuta unaopigwa na jua, ngozi za kondoo mapajani, bakuli la machungwa katikati yao. Shangazi Borghild aliweka kitabu chake cha upelelezi kifudifudi, akachukua darubini yake ya kutazamia ndege.

"Sjur Lindvoll," alisema. "Jamani, huyu mtu ana haya kweli? Keki ya harusi yenu niliila karibu peke yangu mpaka Septemba. Pete kumi na nane za keki, moja juu ya nyingine! Kila nikifungua friji nilikuwa nakutana naye."

Torunn hakucheka. Moyo wake ulikuwa unamdunda mpaka masikioni, na hilo ndilo lililomkasirisha zaidi. Miaka miwili kasoro miezi miwili ilikuwa imepita tangu mwanamume yule amwandikie ujumbe wa maneno mawili kwenye simu, wiki mbili na nusu kabla ya harusi yao ya katikati ya kiangazi. Siwezi. Nisamehe. Hakupiga simu wala hakuja. Tangu siku ile Torunn alikuwa amepanga maneno ya kumwambia siku wakikutana, akayapanga upya kila wiki, akiwa bafuni, akiwa kazini, akiwa amelala hana usingizi. Leo mwenyewe anakuja kuyachukua.

Sjur alisimama hatua nne mbele yao, akavua kofia. Amekonda. Macho yake yale ya kijivu, ambayo zamani yalimfanya Torunn asahau alichokuwa anasema, yalikuwa yamezungukwa na weusi.

"Pasaka njema," alisema.

"Umepotea njia?" Torunn aliuliza.

"Hapana. Nimekuja kwako."

"Kwangu? Mwaka juzi ulikuwa hujui njia ya kuja kwangu. Nani amekuelekeza leo?"

Shangazi Borghild aliinuka taratibu, akakusanya vikombe. "Naenda kupasha kahawa," alitangaza. Akaingia ndani, akalifungua dirisha la jikoni hadi mwisho.

Sjur alivua glavu, akatoa simu kifuani. Jua la Pasaka lilikuwa linawaka mpaka matone yanadondoka paani.

"Torunn, najua sistahili. Lakini wewe unafanya kazi maabara, na mimi sina mwingine wa kumuuliza. Jumatano nilitoa damu pale zahanati, nilikuwa nachoka choka tu. Jana nikiwa njiani kuja huku, majibu yakaingia kwenye simu. Daktari hajayaona. Keshaondoka, yuko milimani kwa Pasaka kama watu wote. Zahanati imefungwa mpaka Jumanne."

"Kwa hiyo umeyasoma mwenyewe."

"Nimeyasoma mara mia. Chembe sahani arobaini na moja, na zinatakiwa zianzie mia moja arobaini na tano. Chembe nyeupe kumi na sita, zimezidi. Nilitafuta kwenye mtandao nikiwa bado njiani." Akaigeuza simu kumwelekea. "Kila ukurasa unaniambia kitu kimoja, saratani ya damu. Baba alikufa kwa kitu hicho hicho. Nilikuwa na miaka kumi na moja."

Torunn alinyoosha mkono. "Lete."

Namba mbili zilikuwa zimeandikwa kwa rangi nyekundu, kubwa. Nyingine zote zilikuwa nyeusi na za kawaida. Wekundu wa damu ulikuwa sawa, chembe nyekundu zilikuwa sawa. Na chini ya zile namba mbili kulikuwa na alama ndogo ya kijivu ambayo watu hawaigusi kamwe, kwa sababu wakishaona wekundu macho hayaoni kingine. Torunn aliigusa kwa kidole gumba. Mstari mmoja ukafunguka. Akausoma, akaufunga.

Miaka tisa ya kazi ilimtosha kuelewa papo hapo. Kuna watu ambao damu yao haielewani na dawa iliyomo kwenye kichupa cha kifuniko cha zambarau. Chembe sahani zao, zile zinazofanya kidonda kikauke, zinashikana humo ndani, mafungu mafungu, na kimashine kidogo cha zahanati kinahesabu fungu zima kama chembe moja. Fungu likiwa kubwa sana, kinadhani ni chembe nyeupe. Sahani zinaonekana chache, nyeupe zinaonekana nyingi, na mwenyewe hana ugonjwa wowote. Mashine yenyewe ilikuwa imetilia shaka ikaandika. Aliyekuwa zamu alikuwa na haraka ya kwenda milimani.

Angeweza kumwambia pale pale. Sentensi moja tu ilitosha. Torunn aliitazama ile sura iliyokuwa inamsubiri, akahisi kitu kitamu na kichungu kinampanda kooni, akainyamazia ile sentensi.

"Nitakusaidia," alisema. "Lakini nitakuuliza maswali, na utajibu yote. Ukinidanganya hata moja, unavaa mbao zako unarudi ulikotoka."

"Uliza chochote."

"Fizi zinatoka damu ukipiga mswaki?"

"Hapana."

"Pua? Unatoka jasho mpaka shuka zinalowa? Umekonda?"

"Nimekonda kidogo. Nilikuwa na mawazo."

"Mawazo ya yule daktari wa meno aliyekukimbia?"

Sjur aliinamisha kichwa. "Umesikia."

"Bonde zima limesikia, na mimi nimefurahi. Endelea. Hapo kidevuni umefanyaje?"

"Nimejikata nikinyoa, asubuhi."

Torunn akainuka, akamshika kidevu kukigeuzia kwenye jua. Kidonda kilikuwa kimekauka vizuri. Ilikuwa kazi tu, kama alivyoshika mikono ya wagonjwa kila siku. Lakini ngozi ile aliijua. Alijua inavyokwaruza jioni, alijua sabuni ile, na kwa nukta moja macho yao yakashikana na pumzi ya Sjur ikamgusa kifundo cha mkono. Akaachia haraka kana kwamba amegusa sufuria ya moto, akauchukia mkono wake mwenyewe.

"Umeanguka siku hizi?"

"Jana, pale kwenye kona ya mteremko. Kwa nyonga."

"Onyesha."

"Hapa? Nje?"

"Unaona haya? Mbele yangu?"

Sjur akashusha suruali upande mmoja. Kulikuwa na wekundu wa saizi ya kisosi, basi. Mtu mwenye chembe arobaini na moja za kweli, akianguka kwenye ile kona, nyonga ingekuwa nyeusi kama birika la moto wa kuni.

"Hata mimi naona!" sauti ikatoka dirishani.

"Shangazi!"

"Haya, haya. Napasha kahawa."

Sjur akapandisha suruali, uso umemwiva. "Torunn, niambie. Ni yenyewe?"

"Bado sijamaliza. Swali linalofuata. Kwa nini uliniacha?"

"Hilo halihusiani na damu."

"Nimesema utajibu yote."

Tone likadondoka paani, likafuatiwa na jingine. Sjur akakaa kwenye ncha ya benchi lao bila kukaribishwa, akaanza kuzungusha kofia mikononi.

"Nimekosea," alisema polepole. "Linahusiana na damu. Yako."

Torunn hakuelewa. "Damu yangu?"

"Nilijua, Torunn. Ule mwezi wa Sita. Nilijua kwamba majibu yako yalikuwa mabaya, na kwamba daktari alikuwa ameandika saratani ya damu na alama ya kuuliza. Wewe hukuniambia. Nilisubiri uniambie."

Torunn akakaa. Ule mwezi wa Sita! Chembe nyeupe kumi na nane, sahani tisini na sita, na neno lile la daktari na alama yake ya kuuliza. Alikuwa ameamua kumficha Sjur mpaka apate uhakika, kwa sababu ya habari ya baba yake. Alitaka kumkinga. Siku ya tatu ukaja ule ujumbe, Siwezi, Nisamehe, na Torunn akabaki sakafuni jikoni na vitu viwili kwa pamoja, kuachwa na kufa, hana wa kumwambia hata kimoja.

"Nani alikwambia?"

"Torunn, usi..."

"Nani?"

"Mama." Alisema kwa sauti ndogo sana. "Alikuwa kazini siku ile, mapokezi pale zahanati. Aliona. Alikuja kwangu analia, akaniambia, 'Mimi nimemuuguza mmoja mpaka nikamzika. Wewe hutauguza mwingine, sikukuzalia hayo.' Akaniambia nikikuona sitaweza kuondoka, kwa hiyo nisikuone. Nilikuwa mwoga. Nilimwona baba jinsi alivyokwisha, Torunn. Nisingeweza kukuona wewe vile."

Kwa muda mfupi alimwona mtoto wa miaka kumi na moja amesimama mlangoni mwa chumba cha mgonjwa, na roho ikataka kulegea. Akaizuia.

"Kwa hiyo mkanizika mapema," alisema. "Mtu unamwona anazama, unamwandikia ujumbe kwamba hupendi maji. Na ulijua! Miaka yote hii nilidhani umenichoka tu. Hilo ningekusamehe, Sjur. Watu wanachokana. Kumbe uliniacha kwa sababu nilikuwa nakuhitaji."

Sjur alikuwa analia sasa, bila sauti. Torunn akainuka, akaingia ndani, akatoka na simu yake. Shangazi Borghild alikuwa amesimama katikati ya jikoni, birika mkononi, hapashi chochote.

"Twende kwenye kuni," Torunn alimwambia Sjur.

Kona ya rundo la kuni ndiyo sehemu pekee, pande zote mbili za ziwa, iliyokuwa na mtandao. Wakasimama begani kwa bega kwenye kivuli. Torunn akafungua faili lake la afya, akashuka mpaka chini kabisa, kwenye ile orodha ya waliolifungua. Kila anayefungua faili la mgonjwa anaacha jina lake, siku na saa. Kila mtu anajua, wala hakuna anayekumbuka kuangalia. Torunn mwenyewe anafanya kazi na mafaili kila siku, na lake hakuwahi kuliangalia.

"Soma hapo."

"Gudveig Lindvoll," Sjur akasoma. "Mapokezi. Tarehe nne, mwezi wa Sita, saa sita na dakika kumi na nne."

"Wakati wa chakula. Hakuona, Sjur, alitafuta. Alikaa na mkate wake akafungua faili la mchumba wa mwanawe. Kuna jina lake mara ngapi?"

"Mara moja."

"Mara moja. Sasa shika simu yako wewe. Unaiona hiyo alama ya kijivu chini ya namba zako? Iguse. Soma kwa sauti."

Sjur akagusa. Midomo yake ikasogea kabla sauti haijatoka. "Huenda chembe sahani zimeshikana. Hesabu si ya kuaminika. Rudia kipimo kwa kichupa cha buluu." Akainua uso. "Maana yake nini?"

"Maana yake ni kichupa, si wewe. Chembe zako zimegandana kwenye chupa ya zambarau, mashine ikakosea hesabu, za sahani na za nyeupe zote mbili. Kidonda chako kimekauka, nyonga yako haina kitu, wekundu wa damu uko sawa. Utarudia Jumanne ili tuwe na uhakika, lakini mimi ningekuwa wewe ningelala usingizi leo."

Alishika rundo la kuni kwa mikono miwili, akacheka, akalia, akacheka tena. "Ulijua? Tangu mwanzo ulijua?"

"Tangu dakika ya kwanza."

"Na ukaniacha vile? Nilikuwa nakufa pale!"

"Robo saa, Sjur. Mimi mlinipa siku mbili tangu ujumbe wako." Torunn akamnyooshea simu yake. "Tumemaliza yako. Sasa soma yangu. Tarehe saba, siku tatu baada ya mama yako kula mkate wake. Haya hakurudi kuyaona."

Sjur akaipokea. Akasoma moyoni, halafu Torunn akamwona anasoma tena.

"Kwa sauti," alisema.

"Vipimo vya... vya ugonjwa wa mabusu. Ndio wenyewe. Si saratani. Chembe zitarudi zenyewe baada ya wiki kadhaa."

"Mwezi wa Nne mwaka ule nani alilala wiki mbili na koo limevimba?"

Sjur akaendelea kuitazama simu.

"Nani nilimpikia supu, akaniambia busu moja tu, haliwezi kudhuru?"

"Mimi," Sjur alisema.

"Ulinipa wewe mwenyewe hiyo damu mbaya, kwa mdomo wako. Halafu ukaikimbia."

Kulia kwake kwa mara hii kulikuwa kwingine. Hakukuwa na hofu ndani yake, na Torunn aliona kwamba huko ndiko alikotaka kumfikisha tangu mwanzo, hata kabla hajajua njia. Hofu ya kufa ilikuwa imemtoka. Hili lingine halina kichupa cha kurudia.

"Torunn." Akamshika mkono. "Nirudie. Nakuomba. Hakuna siku niliyoacha kukupenda, hata moja. Tukienda Jumanne pamoja, tukaanza upya..."

Na alimpenda bado, huo ndio ukweli. Mkono wake ulikaa ndani ya mkono ule muda mrefu kuliko alivyokusudia. Kisha akautoa.

"Jumanne saa mbili asubuhi nenda maabara, sema unataka kichupa cha buluu. Mwenzangu atakutoa damu. Mimi sitakuwepo."

"Na mama?"

"Ahaa, tumefika kwa mama." Torunn akarudi kwenye ile orodha. Pembeni ya jina la Gudveig kulikuwa na kitufe cha kutoa malalamiko. "Hiki nikikibonyeza, anaitwa na kuulizwa alitafuta nini kwenye faili la mtu asiyemhusu."

"Watamfukuza! Amebakiza miaka miwili astaafu. Torunn, alikuwa anaogopa tu!"

"Na mimi niliogopa. Nenda kamwambie nimeona jina lake. Mwambie tarehe na saa, umezisoma mwenyewe. Mwambie bado sijaamua, na nitaamua Jumanne. Asubiri. Siku nne si nyingi, kuna machungwa, kuna jua."

Sjur alivaa mbao zake. Alipofika ziwani aligeuka mara moja. Torunn alikuwa amesimama pale pale kwenye kuni, na kama asingegeuka, angemwita. Alipogeuka, hakuweza.

Shangazi Borghild akatoka na kahawa hatimaye. Alimwona mpwa wake machozi yanamtiririka, akamvutia ngozi ya kondoo mabegani.

"Bado unampenda."

"Sana."

"Pole, mwanangu." Akamimina. "Yule mama nilimkatia kipande cha ile keki, unajua? Agosti. Akakila chote, akaomba na kingine."

Torunn akachukua darubini. Ng'ambo ya ziwa, kwenye ukuta wa jua wa nyumba ya akina Lindvoll, Gudveig alikuwa amesimama kumpokea mwanawe. Wakaongea. Sjur alinyoosha mkono kuelekea huku. Mwanamke yule akakaa chini taratibu, akainuka tena, akatoa simu mfukoni. Akaanza kutembea kwenye theluji ameinyanyua juu, mara huku mara kule, akazunguka nyumba nzima, akapanda hata juu ya benchi.

"Anatafuta mtandao anipigie," Torunn alisema.

"Upande ule? Hataupata hata akipanda paani."

Walimenya chungwa, wakagawana. Halijaisha, Gudveig alikuwa ameshavaa mbao zake. Alikuja peke yake, polepole, mama wa miaka sitini na mitano kwenye ziwa jeupe, na hakukuwa na mahali pengine pa kwenda.

"Anakuja," shangazi alinong'ona. "Mungu wangu, anakuja kweli. Nimletee kikombe?"

"Mletee."

Torunn alifuta macho, akaingia ndani, akatoka na kiti. Alikipitisha mbele ya ukuta wa jua bila kusimama, akakipeleka mpaka kwenye rundo la kuni, akakiweka upande wa kivuli, pale penye mtandao.